Mguu wa Mama Mkwe

Nilipohamishiwa shule ya upande wa Sori, huko Nyatike, nilijua nimekwisha. Si kwa sababu ya joto, wala umbali. Mimi ni mtu wa Kendu Bay na ziwa silishangai. Ni kwamba mke wangu alizaliwa ng'ambo tu ya uwanja wa shule ile, na mama yake bado anaishi hapo. Mwanamume wa kwetu anaweza kufanya kazi popote atakapopelekwa, lakini si mbele ya mlango wa mama mkwe wake. Rafiki zangu walicheka hadi machozi. Mmoja aliniuliza kama nitakuwa naingia shuleni kwa kupitia nyuma ya vyoo ili nisikutane naye.

Nilikaribia kufanya hivyo kweli. Kwetu Wajaluo mama mkwe, yaani maro, huheshimiwa kwa umbali. Humpi mkono ovyo. Huketi karibu naye, humkazii macho mkizungumza, na mwili wake kwako ni kama haupo: hujui anaumwa wapi, huulizi, na ukisikia unajifanya hukusikia. Ukiwa na neno zito la kumwambia unalipitisha kwa mkeo. Najua vijana wa siku hizi huwakumbatia wakwe zao kwenye harusi na kupiga nao selfi. Mimi sikulelewa hivyo, na yeye hakulelewa hivyo, kwa hiyo tulielewana vizuri sana bila kusema mengi. Tukikutana njiani yeye alisogea upande mmoja, mimi upande wa pili, tukasalimiana huku kila mtu akiangalia nyasi zake.

Wanafunzi waligundua mara moja. Nikigeukia ubao nilisikia wakinong'onezana "ora, ora", yaani mkwe wetu, na kucheka chini kwa chini. Kijiji kizima kilikuwa wakwe zangu. Hata mama wa mandazi pale langoni aliniita mkwe, na bado akanipa mandazi ya jana.

Shule ilikuwa nzuri kwa kila kitu isipokuwa maji. Ziwa tuliliona kutoka madirishani, pana na la buluu, na bado hatukuwa na maji ya kunawa mikono. Kila asubuhi wanafunzi wa gredi ya tano kwenda juu waliteremka na mitungi yao kupitia njia iliyokatwa katikati ya matete. Njia ile haikuwa yao peke yao. Viboko hutoka majini kuja kula nyasi na mihogo ya watu, na kiboko akitaka kurudi ziwani hana subira na aliyesimama njiani. Mara kwa mara watoto walirudi mbio bila mitungi, wakihema, na sisi walimu tukacheka kwa sababu hakuna aliyeumia. Halafu tukiwa peke yetu hatukucheka.

Binti yangu alikuwa gredi ya nne. Mwaka uliofuata angepewa mtungi.

Kwa hiyo niliposema mimi nitatafuta ufadhili wa tangi la maji ya mvua, watu walidhani nina moyo wa kujitolea. Nilikuwa na hofu tu. Paa la shule lilikuwa refu na zuri, mvua ilinyesha juu yake na kupotelea mchangani. Kilichohitajika ni mifereji, bomba na tangi. Niliandika ombi kwa shirika moja, nikapima paa kwa kamba, nikachora mchoro, nikaeleza maji mangapi yatapatikana mvua za masika. Walitushukuru kwa bidii yetu na kututakia heri. Nikaandika kwa wengine, nikaongeza mchoro wa pili, wa rangi. Hao hata hawakututakia heri.

Nilimtumia ombi hilo rafiki yangu tuliyesoma naye chuoni, ambaye sasa anafanya kazi ya miradi Kisumu na anajua wafadhili wanataka nini. Alinipigia simu huku akicheka.

"Wewe umeandika kama fundi wa mabati," akasema. "Mtu yuko wapi?"

"Mtu gani?"

"Mtu wa kuonewa huruma, ndugu yangu. Nani atalilia mifereji?"

Nilikasirika, maana nilikuwa nimejivunia ile mifereji. Lakini maneno yake yalinikaa. Niliketi katika ofisi ya walimu na kompyuta, wenzangu wakisahihisha, na kupitia dirishani nikamwona mama mkwe akivuka uwanja na kikapu chake, akichechemea kama kawaida yake. Anavaa gauni refu mwaka mzima. Mke wangu aliwahi kunieleza sababu, tulipokuwa bado wapya katika ndoa na hatufichani kitu: kiboko alimkamata mguu kwenye njia ile ile ya matete, alipokwenda kuteka maji. Alinieleza mara moja, kwa sauti ya chini, na hatukurudia tena.

Nikaandika. Niliandika juu ya bibi mmoja aliye kwenye kamati ya wazazi, ambaye njia ya maji ya watoto wetu ilimwachia mguu usiopona. Nilieleza kovu linaloanzia chini ya goti na kuzunguka hadi kifundo, na nyama iliyoondoka na kuacha bonde. Sikuwa nimeliona kovu hilo hata kwa bahati mbaya, wala sikuwa na haki ya kuliona, lakini nililieleza kama daktari. Maneno yalikuja yenyewe, laini, moja likivuta jingine, nami nilisikia raha. Hiyo raha ndiyo inayoniaibisha hadi leo kuliko maneno yenyewe.

Mwalimu mkuu wetu ni mama wa Kikuria kutoka upande wa Kehancha. Aliposoma alivua miwani akapangusa macho.

"Hii itapita, Mwalimu," akasema. "Huyu bibi ni nani?"

"Ni bibi mmoja wa huku huku," nikamjibu.

Ilipita. Barua ya shirika jipya tulilolipelekea ombi ilikuwa na furaha tele. Walisema wangependa kututembelea kabla ya uamuzi wa mwisho, waone paa, waone njia, na zaidi ya yote wakutane na bibi na, akikubali, wampige picha. Mwalimu mkuu alinisomea kwa sauti, akaniuliza tena bibi ni nani, na safari hii ikabidi nimwambie. Wakuria nao wanajua heshima ya wakwe. Alifunika mdomo kwa kiganja.

"Wewe, Mwalimu! Wewe!" Alizunguka meza yake, akarudi kuketi. "Sasa sikiliza. Kuna yule mama wa samaki aliyeungua mguu na mafuta. Kovu si ni kovu?"

Nililifikiria hilo, tena si kidogo. Nilimwaza mama wa samaki, gauni atakalovaa, na namna ya kumfundisha kusema kiboko badala ya mafuta. Kilichonizuia haikuwa dhamiri. Ni kwamba kijiji kizima kingeangua kicheko mbele ya wageni.

Nyumbani nilimkuta mke wangu akiosha omena, dagaa wa ziwani. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, kwa haraka, kama mtoto anayetaka kuchapwa yaishe. Aliendelea kuosha omena wale wale waliokwisha kutakata.

"Nilikuambia kama mke wako," akasema mwishowe. "Sikukuambia kama mwalimu."

"Ni kwa ajili ya watoto. Ni kwa ajili ya mtoto wetu."

"Basi nenda umwambie mama hivyo."

"Unajua siwezi kumwambia mama kitu kama hicho."

"Kuandika uliweza."

 Alinilisha, alinifulia, lakini kwa siku kadhaa hakuzungumza nami ila mambo ya chumvi na sabuni. Kisha Jumapili baada ya kanisa alikwenda kwao peke yake. Aliporudi alivua viatu taratibu sana.

"Amesema atakuja."

"Hakusema kingine?"

"Aliuliza kama mjukuu wake ataanza kuteka maji mwakani. Nikamwambia ndiyo. Hapo akasema atakuja."

Siku ya wageni mke wangu alikataa kufika. Wazazi walijaa chini ya turubai lililoazimwa kanisani, kuku walikuwa jikoni, soda zilikuwa kwenye beseni la maji ya ziwa. Mama mkwe aliketi mwisho kabisa wa safu ya mbele. Alikuwa amevaa gauni la buluu la kwenda kanisani, kitambaa kichwani, na soksi nzito za sufu katika jua lile la Nyatike. Mimi nilijipa kazi ya kupanga viti mwisho wa upande wa pili, na nikavipanga, nikavipangua, nikavipanga tena.

Walikuja wawili, dada kijana kutoka Nairobi na mpiga picha wake. Sitaki kumsema vibaya yule dada. Alikuwa na adabu, alisalimia kila mzee, alipanda ngazi mwenyewe kuangalia paa, akateremka hadi matete na viatu vyake vyeupe. Aliporudi alipiga magoti mbele ya mama mkwe na kumwita shosho, yaani bibi. Mama mkwe ana Kiswahili cha sokoni tu, cha kuuliza bei, kwa hiyo akatabasamu, akangoja.

"Nani atatutafsiria?" dada akauliza.

Mwalimu mwenzangu, kijana wa pale pale, aliruka kunikomboa. Alikuwa ameshafika katikati.

"Hapana, asante," akasema dada kwa upole. "Mwalimu aliyeandika yuko? Yeye ndiye anaijua hadithi vizuri."

Wazazi wote walinigeukia. Ningeweza kueleza, lakini kueleza kwenyewe kulikuwa kumtaja, mbele yake, mbele yao. Nikaenda. Nilisimama mbali kiasi kwamba dada alinikaribisha mara mbili nisogee, nami nikajifanya nasikia vizuri kutoka pale. Kwa Kijaluo aibu ni wichkuot, kichwa kuvimba, na kichwa changu kilivimba kweli, nikahisi kola inanibana.

Maswali ya kwanza yalikwenda vyema. Alikwenda ziwani saa ngapi, alikuwa na nani, nani alimwokoa. Mama mkwe alijibu akiangalia ziwa, mimi nikatafsiri nikiangalia viatu vyangu. Alisema wavuvi walimpigia mnyama yule makasia na makelele hadi akamwachia. Alisema alipoamka hospitalini jambo la kwanza alilouliza ni mtungi wake. Watu walicheka, na kwa kitambo nikadhani tutapona.

"Sasa muulize shosho kama anaweza kutuonyesha mguu," dada akasema. "Kama hataki, hakuna shida kabisa."

Nilifungua mdomo. Neno mguu kwa Kijaluo ni neno la kawaida, mtoto hulisema kutwa nzima. Halikutoka.

"Mgeni anauliza lile jambo," nikasema.

Alielewa. Hakunijibu mimi, alizungumza kama anayezungumza na ziwa. "Mkwe wangu na ageuke aangalie kule."

Nikageuka. Mbele yangu sasa kulikuwa na ukuta wa gredi ya sita, wenye ramani ya Kenya tuliyoichora wenyewe, rangi imebambuka upande wa Turkana. Niliisoma ramani ile kama sijapata kuona ramani. Nyuma yangu nilisikia soksi ikiteremshwa, kisha akina mama wakivuta pumzi kwa pamoja, kisha kamera. Kamera ile ilikuwa na sauti ndogo ya mdudu.

"Muulize bado unamuuma?"

Nikauliza ukuta.

"Mwambie unauma mvua ikikaribia," mama mkwe akasema, nami nikasema hivyo kwa Kiswahili, na nikamsikia dada akiguna kwa huruma. Kamera iliendelea. Mama mkwe akasema tena, kwa sauti ndogo, "Mwambie imetosha."

Nilichelewa. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo, nilikuwa nayo kwa Kiswahili tayari ulimini, na sikuyasema. Nilikuwa nawaza kwamba picha moja zaidi huenda ndiyo itakayotupa tangi. Kamera ikalia, ikalia tena. Ni yeye aliyerudia, kwa Kiswahili chake kile cha sokoni, "Basi. Basi."

"Anasema imetosha," nikatafsiri.

Tangi lilikuja kabla ya mvua za masika, jeusi, nene, juu ya msingi wa saruji tulioujenga wenyewe. Mifereji niliyoipenda ilifungwa vile vile nilivyoichora. Mvua ya kwanza iliponyesha watoto walitoka madarasani kusikiliza maji yakiingia, na hatukuwazuia. Binti yangu aliingia gredi ya tano na hakuwahi kupewa mtungi. Akiwa na kiu hufungua bomba, hunywa kwa kiganja, hujipangusa kwa sketi na kukimbia. Nikimwona hivyo nafurahi, kisha namkumbuka yule aliyelipa.

Kwa maana mama mkwe habaki tena njiani. Zamani tulipokutana alisogea tu pembeni. Sasa akiniona kwa mbali anageuka na kushika njia ya mashambani, ile ndefu inayozunguka mihogo yote hadi kwa jirani, na mguu ule. Nilianza kuondoka nyumbani mapema zaidi ili nisimlazimishe. Naye, nadhani, alianza kuondoka mapema kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo bado tunaonana. Nilimwomba mke wangu ampelekee pole yangu. Alisema ameipeleka. Nilipouliza jibu alisema hakukuwa na jibu.

Mwaka huu lile shirika lilitualika Homa Bay, shule walizozifadhili pamoja na zile zinazotaka kuomba, ili sisi tuwafundishe wenzetu. Ukumbi wa hoteli ulijaa walimu kutoka Rangwe, Asumbi, kwetu Kendu Bay, na wengine nilioshuka nao kutoka Nyatike. Chai ilikuwa na soseji. Aliyetuongoza ni afisa mpya, mtu kutoka mbali na kwetu, mcheshi, aliyekwisha kutuchekesha kabla ya saa nne.

"Sasa niwaonyeshe ombi bora kuliko yote tuliyopokea," akasema, na akawasha projekta.

Sikuwa nimeonywa. Ukutani, kutoka sakafuni hadi karibu na dari, kulikuwa na mguu wa mama mkwe wangu. Kovu halikuanzia chini ya goti kama nilivyoandika. Lilianzia juu yake, mahali ambapo hata binti zake nadhani hawapaoni. Soksi ya sufu ilikuwa imekusanyika kifundoni. Mikono yake imeshika pindo la gauni kwa nguvu, vidole vimekunjana. Na kwenye kona ya picha, nyuma kidogo, alionekana mwanamume aliyevaa koti la kijivu, ameukabili ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Mwandishi tunaye hapa!" afisa akasema, akinitafuta kwa kidole. "Mwalimu, simama. Mpigieni makofi!"

Nikasimama. Ukumbi ulinipigia makofi, yale mazito ya walimu. Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. Nilitafuta pa kuweka macho na hapakuwa na pahali, maana mguu ulijaza ukuta wote.

"Na huyu jamaa wa pembeni," afisa akaendelea huku akicheka, "mbona hataki kuangalia? Anaogopa damu?"

Wachache walicheka. Lakini nyuma ya kicheko nilisikia mnong'ono ukianza, meza kwa meza. Wale walikuwa watu wa kwetu. Waliangalia koti lile pichani, kisha wakaangalia koti nililovaa, kwa sababu nina koti moja tu la safari.

"Ni mimi," nikasema. "Na huyo ni maro. Ni mama wa mke wangu."

Mnong'ono ulikatika.  Mwalimu mmoja mzee wa meza ya mbele aliinamisha kichwa akaangalia kikombe chake, jirani yake akafanya vile vile, kisha meza nzima, na zile za nyuma, hadi hapakubaki mtu aliyeutazama ukuta. Walikuwa wakimpa mama yule, wasiomjua hata kwa jina, heshima niliyomnyima mimi ninayekula ugali kwa binti yake.

Afisa aliangalia vichwa vile vilivyoinama, akaniangalia mimi. Hakuwa mtu wa kwetu, na alidhani pengine hawakusikia.

"Ni mama mkwe wake, jamani!" akasema kwa sauti kubwa. "Si hata hiyo inastahili makofi zaidi? Haya, tena!" Akaanza mwenyewe, mikono juu, akitabasamu, akitembea huku na huku mbele ya ile picha, akapiga peke yake.